Maandalizi ya Banda la Maonesho: Mwongozo kwa Wasindikaji wa Bukoba na Muleba Wanaofungasha Bidhaa Katika Mifuko

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

Maonesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam, maarufu kama Sabasaba, hufanyika kila mwaka kuanzia Juni 28 hadi Julai 13 katika Viwanja vya Mwalimu J. K. Nyerere, Barabara ya Kilwa, chini ya uratibu wa Mamlaka ya Maendeleo ya Biashara Tanzania (TanTrade). Wiki chache baadaye hufuata maonesho ya wakulima ya Nane Nane, ambayo kwa Mkoa wa Kagera huwakutanisha wananchi katika viwanja vya Kyakailabwa mjini Bukoba. Kwa msindikaji mdogo wa kahawa, senene, dagaa au ndizi kavu, hizi ni siku chache za kukutana ana kwa ana na mnunuzi wa duka kubwa, msafirishaji na mteja wa kawaida. Mnunuzi huyo haoni shamba la Kamachumu wala mwalo wa Goziba. Anachokiona na kukishika mkononi ni mfuko.

Kwa sababu hiyo, maandalizi ya banda kwa wazalishaji wa aina hii huanzia kwenye kifungashio, kabla ya meza, bango na sare za wahudumu.

Vifungashio laini ni mifuko na karatasi za kufungia zinazokunjika, ambazo mara nyingi hutengenezwa kwa matabaka ya plastiki, alumini au karatasi yaliyogandishwa pamoja. Kila tabaka lina kazi yake: moja hubeba maandishi na rangi, jingine huzuia hewa, unyevu na mwanga, na la ndani kabisa ndilo linaloyeyuka kwa joto la mashine na kuziba mdomo wa mfuko. Mfuko wa nailoni ya kawaida una tabaka moja tu. Huzuia maji kwa kiasi, lakini hupitisha hewa na harufu, na kama ni wa kung'aa hupitisha mwanga pia.

Bidhaa za Kagera zinahitaji ulinzi unaotofautiana. Kahawa iliyokaangwa huendelea kutoa hewa ya kaboni dioksidi kwa siku kadhaa baada ya kutoka jikoni. Ikifungwa mapema katika mfuko usio na vali, mfuko huvimba kama mpira na unaweza kupasuka. Ikiachwa wazi ili ipoe kwa muda mrefu, hupoteza harufu yake. Vali ndogo ya upande mmoja hutoa hewa ya ndani bila kuruhusu ya nje kuingia, na mnunuzi anayeifahamu kahawa huitafuta kwa macho kabla hajasoma jina la bidhaa. Dagaa huhitaji mfuko wenye matabaka yanayozuia harufu. Vinginevyo katoni moja ya dagaa wa visiwa vya Muleba inaweza kuharibu kahawa na vanila zilizopakiwa kwenye gari hilohilo. Ndizi kavu hunyonya unyevu, na mjini Dar es Salaam unyevu ni mwingi.

Senene wanastahili maelezo ya pekee. Msimu wao mkubwa ni Novemba na Desemba, na msimu mdogo huja wakati wa mvua za masika. Hii ina maana kwamba senene anayeonjwa Sabasaba mwezi Julai anaweza kuwa amekaa ndani ya mfuko kwa zaidi ya miezi sita. Mafuta yake, ambayo ndiyo utamu wenyewe, huchacha yanapokutana na hewa na mwanga. Wasindikaji wengi hupenda mfuko wa kung'aa ili mteja aone bidhaa, na hoja yao inaeleweka, kwa kuwa mgeni asiyewahi kula senene hataki kununua asichokiona. Hata hivyo, kwa bidhaa ya kukaa miezi sita, mfuko usiopitisha mwanga ndio salama. Aliye nje ya mkoa aoneshwe senene kwenye sahani ya kuonja, na walio ndani ya mfuko wabaki gizani.

Kuhusu sheria, mzalishaji ahakikishe nyaraka zake zimekamilika kabla ya kulipia banda. Tangu Julai 2019, usajili wa bidhaa za chakula na majengo ya kuzalishia uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), baada ya majukumu hayo kuhamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA). Lebo ambazo bado zina maneno ya TFDA hazifai kupelekwa kwenye maonesho. Zinamwambia mnunuzi kwamba mzalishaji hajafuatilia masuala yake kwa miaka mingi. Wajasiriamali wadogo wanaotaka alama ya ubora ya TBS huanza kwa kupata utambulisho wa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lenye ofisi Bukoba. Ukaguzi na upimaji wa sampuli huchukua muda, hivyo anayeanza mwezi Mei kwa ajili ya Sabasaba amechelewa.

Lebo ioneshe jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, pamoja na jina na anuani ya mzalishaji. Uzito ulioandikwa uwe ndio uliomo, kwa kuwa Wakala wa Vipimo (WMA) hukagua bidhaa zilizofungashwa. Msimbo wa mistari uliotolewa Tanzania huanza na tarakimu 620. Katika mfuko unaokunjika, mistari hiyo isiwekwe kwenye mkunjo wala pembeni panapopinda, na isichapishwe kwa rangi ya fedha juu ya alumini, maana mashine ya dukani haitaisoma.

Jambo jingine ni mifuko ya kubebea. Tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini. Mfuko uliozibwa ukiwa na kahawa ndani ni kifungashio na unaruhusiwa. Mfuko wa plastiki anaopewa mteja ili abebee pakiti tatu za kahawa ni kosa. Banda liwe na mifuko ya karatasi au mifuko mbadala ya kitambaa. Wanaofikiria kuvuka Rusumo kwenda maonesho ya nchini Rwanda waulize kwanza masharti ya huko, kwani Rwanda ilianza kuzuia mifuko ya plastiki mapema zaidi yetu, mwaka 2008.

Baada ya hapo lije suala la kiasi cha mzigo. Sabasaba ni siku 16. Mzalishaji anayekadiria kuuza pakiti 30 za gramu 250 kwa siku anahitaji pakiti 480, sawa na kilo 120, na juu ya hizo aongeze za kuonjesha na za kuwapa wanunuzi wakubwa kama sampuli. Kilo 120 za kahawa iliyokaangwa huchukua nafasi kubwa kuliko kilo 120 za mchele, na mabanda mengi madogo huwa na upana wa mita 3 kwa 3. Mita za mraba 9 zikijazwa katoni, mgeni hana pa kusimama. Ni vyema wazalishaji wawili au watatu wa wilaya moja wakodi stoo ya pamoja karibu na viwanja na kuleta mzigo wa siku kila asubuhi.

Safari yenyewe ni takriban kilometa 1,400 kwa barabara. Wengine hupitisha mzigo ziwani kutoka Bukoba au Kemondo hadi Mwanza, njia ambayo MV Victoria ilirejea kuihudumia mwaka 2020 baada ya ukarabati, kisha huendelea kwa gari. Kwa njia yoyote, mifuko ipangwe wima ndani ya katoni ngumu, isilaliane. Mfuko uliokunjwa kwa siku mbili hubaki na alama ya mkunjo, na kwenye mkunjo huo ndipo tabaka la alumini huanza kupasuka.

Kuna jambo ambalo huwashtua wanaosafiri kwa mara ya kwanza. Uso wa Ziwa Victoria uko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya Bukoba ni nyepesi kuliko ya pwani. Mfuko uliozibwa Bukoba ukiwa umejaa vizuri hufika Dar es Salaam ukiwa umenywea, kwa sababu hewa ya nje huko husukuma kwa nguvu zaidi. Mfuko haujatoboka. Mhudumu wa banda alijue hilo ili asianze kutupa mzigo mzima, na aweze kumweleza mteja. Njia ya kuhakikisha ni kuutumbukiza mfuko mmoja katika ndoo ya maji na kuubana: ukitoa mapovu, mshono una kasoro.

Ndani ya banda, mifuko ya kusimama ipangwe usawa wa macho, si juu ya meza pekee, na taa isielekezwe moja kwa moja kwenye mifuko yenye kung'aa kwa kuwa mwanga unaorudi huficha maandishi. Wanaoonjesha chakula wawe wamepima afya. Anayetaka kukaanga kahawa papo hapo aombe kibali cha moto na umeme mapema, ingawa kwa maoni ya mwandishi, birika moja la kahawa na kisahani cha akamwani cha kutafuna huvuta watu vilevile, tena bila moshi.

Lililo gumu kuliko yote huja pale mnunuzi anapouliza, "Unaweza kuniletea pakiti 2,000 kama hii kila mwezi?" Mifuko iliyochapishwa huagizwa kwa maelfu, na wengi hutumia mifuko mitupu ya kubandika lebo. Hakuna ubaya katika hilo, ilimradi mfuko ulioko mezani ndio utakaofika dukani. Mzalishaji aende na bei iliyokwishajumlisha gharama ya mfuko, lebo na usafiri hadi Dar es Salaam, pamoja na jibu la kweli kuhusu muda wa kupata mifuko mingine. Kukubali oda ya pakiti 2,000 ukiwa na mifuko 300 stoo Muleba ni kujitafutia deni.

Mawasiliano ya wanunuzi yaandikwe kwa ridhaa yao, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika tangu Mei 2023. Aidha, kwa kila toleo la bidhaa iliyouzwa kwenye maonesho, pakiti moja iliyozibwa ibaki nyumbani ikiwa na namba yake. Mteja akipiga simu mwezi Septemba akisema senene wamechacha, mzalishaji atafungua pakiti hiyo na kujua kama kosa lilitoka kiwandani kwake au kwenye rafu ya dukani iliyopigwa jua.