Umefomati kompyuta kimakosa? Izime kwanza

Katibu wa chama anapeleka kompyuta kwa fundi kwa sababu inafanya kazi polepole. Inarudi ikiwa nyepesi, lakini rekodi za michango, orodha ya mikopo na kumbukumbu za mikutano hazimo. Diski imefomatiwa. Je, yote yamepotea? Mara nyingi la, mradi hatua ya kwanza iwe sahihi.

Fomati ya haraka haifuti faili zenyewe. Hufuta orodha inayoonyesha kila faili iko wapi, kama kitabu kilichong'olewa ukurasa wa yaliyomo ilhali kurasa nyingine zipo. Hata hivyo, kompyuta sasa huihesabu nafasi hiyo kuwa tupu. Kila kitu kipya unachoweka huandikwa juu ya faili za zamani, na faili iliyoandikiwa juu hairudi.

Kwa hivyo, mkazi, fanya haya:

1. Zima kompyuta mara moja. Usiweke programu mpya wala kutumia intaneti.
2. Mwombe fundi aitoe diski na kuiunganisha na kompyuta nyingine.
3. Tumieni programu ya kurejesha faili. PhotoRec, kwa mfano, hupatikana bila malipo. Kwa kawaida hurejesha faili bila majina yake ya awali, hivyo jiandae kuzipanga upya.
4. Hifadhi faili zinazopatikana kwenye diski tofauti, kamwe si ile ile.

Kuna hali ambazo matumaini ni madogo. Tangu Windows Vista, fomati kamili huandika sufuri kwenye diski nzima. Diski nyingi za SSD nazo husafisha nafasi iliyofutwa zenyewe, tena upesi. Kabla ya kulipa, mwambie fundi akuonyeshe faili alizopata, na ufungue kadhaa uhakikishe zinasomeka.

Kumbuka pia kwamba majina, nambari za simu na za vitambulisho vya wanachama ni habari za kibinafsi zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Usimwachie diski mtu usiyemwamini.

Kinga ni bora kuliko tiba. Kabla ya kompyuta kwenda kwa fundi, nakili faili muhimu kwenye diski ya nje, na nakala nyingine ujitumie kwa barua pepe. Kisha zifungue uone kama zimo zote.