Nyuzi Tatu za Gita la Sanduku

Wasikilizaji, jioni ya leo nataka kuzungumza nanyi juu ya gita la nyuzi tatu ambalo mtu aweza kujitengenezea kwa sanduku na ubao. Kulijenga si kazi kubwa. Huko Marekani watu wasio na fedha walitengeneza magita na fidla kwa masanduku ya mbao yaliyotiwa sigaa, na mchoro wa Edwin Forbes uliotolewa mwaka 1876 waonyesha askari wa vita vya 1861 hadi 1865 akipiga fidla ya namna hiyo kambini. Taabu huanza sanduku likiisha kujengwa. Fundi hutia waya wowote aupatao, hukaza, hukaza tena; mara waya hukatika, au shingo hupinda, na kazi ya juma zima hupotea.

Sababu ni hii. Sauti ya uzi hutegemea mambo matatu: urefu wake, uzito wake, na nguvu inayouvuta. Mfaransa mmoja, Marin Mersenne, aliyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1636. Ukitaka kuupandisha uzi kutoka do mpaka do ya juu kwa kukaza tu, yakupasa uuvute kwa nguvu mara nne. Basi mtu atiaye waya wa unene mmoja mahali pote patatu atapata mmoja uliolegea na mwingine ulio karibu kukatika. Dawa yake ni kuchagua unene, ili nyuzi zote zivutwe kwa nguvu zinazokaribiana.

Ukiweza kununua nyuzi sita za chuma za gita, twaa uzi wa 5, wa 4 na wa 3. Katika nyuzi nyepesi za kawaida unene wao ni sehemu 42, 32 na 24 za elfu ya inchi. Zafaa sana ikiwa kati ya kijiti cha sandukuni na kijiti cha shingoni, vile vinavyoinua nyuzi, pana inchi 25 hivi. Asiye na duka karibu aweza kufumua waya wa breki ya baiskeli: uzi mmoja kwa sauti ya juu, na kadhaa zilizosokotwa pamoja kwa sauti ya chini. Shingo ikiwa dhaifu, mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki ni salama zaidi, ijapokuwa sauti yake ni ndogo.

Sasa kulinganisha. Nyuzi zikipigwa bila kidole na zipatane: do, so, do. Uzi mnene ulegeze kidogo chini ya desturi yake, uifuate sauti ya mwimbaji. Kisha ubane penye theluthi ya urefu wake kutoka shingoni, yaani inchi 8 na theluthi. Hapo watoa so, nawe ulinganishe uzi wa kati nayo. Ubane huo wa kati penye robo, inchi 6 na robo, utapata do ya juu kwa uzi wa tatu. Alama hizo mbili zitie wino, kwa maana ukilaza kidole kimoja juu ya nyuzi zote hapo penye robo wapata mlio wa fa, na penye theluthi mlio wa so. Nyimbo nyingi hazihitaji zaidi ya hayo.

Wengine hupenda so, do, mi, kwa nyuzi za 4, 3 na 2 zisizolegezwa. Ni tamu, lakini mi ndiyo itiayo furaha katika mlio, na wimbo wa huzuni hautakaa vema juu yake. Anayeanza nampa do, so, do.

Kaza kidogo kidogo, uso ukiwa kando, kwa kuwa waya ukatikao waweza kutoboa jicho. Uzi mpya hulegea wenyewe siku za kwanza; ulinganishe tena kila upigapo.