Nyota wa filamu walioacha jiwe Ngorongoro badala ya saini

KATIKA miji mikubwa ya Marekani na Ulaya, wapenzi wa filamu za zamani hufanyiwa makongamano yao. Hulipa kiingilio, hupanga foleni mbele ya meza, na mwigizaji aliyewika miaka mingi iliyopita huwatilia saini kwenye picha yake, mara nyingi kwa malipo ya ziada. Wanachokitafuta hasa ni uthibitisho kwamba yule waliyemwona kwenye kiwambo ni binadamu kama wao.

Kaskazini mwa Tanzania hakuna foleni ya namna hiyo, ingawa filamu mbili mashuhuri zilipigwa huku. Ya kwanza ni “Hatari!” ya mwongozaji Howard Hawks, iliyotoka mwaka 1962 na kuchukua jina lake katika Kiswahili. John Wayne na Hardy Krüger waliigiza wakamata wanyama, Elsa Martinelli akaigiza mpiga picha, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika Momella, karibu na Mlima Meru. Krüger alipapenda mahali hapo, akanunua shamba na kuishi huko kwa miaka kadhaa. Wayne alifariki mwaka 1979, Martinelli mwaka 2017 na Krüger mwaka 2022. Saini zao sasa zimebaki mikononi mwa wakusanyaji.

Ya pili ni “Serengeti haitakufa” ya Wajerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael. Wakitumia ndege ndogo iliyochorwa mistari ya pundamilia, waliwahesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani na kupata zaidi ya 360,000. Januari 10, 1959, ndege hiyo iligongana na tai, ikaanguka, na Michael akafa akiwa na umri wa miaka 24. Mwaka uliofuata filamu yao ilipata tuzo ya Oscar ya filamu ndefu ya kumbukumbu.

Michael alizikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Baba yake alipofariki mwaka 1987, majivu yake yaliletwa na kuzikwa kando ya mwanawe. Msafiri anayetoka Karatu hupita lango la Lodoare, hupanda msituni, kisha hulikuta jiwe hilo la ukumbusho kando ya njia. Kwa shabiki wa filamu, hapo ndipo karibu zaidi anapoweza kumfikia nyota wake.

Hata hivyo, jiwe hilo linasimulia upande mmoja tu. Mwaka huo huo wa 1959 Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, na Wamasai waliotakiwa kuondoka Serengeti wakaahidiwa kuishi Ngorongoro pamoja na mifugo yao. Tangu mwaka 2022 kaya nyingi zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali husema uhamaji huo ni wa hiari, huku baadhi ya wakazi na watetezi wa haki wakiupinga.

Katika “Hatari!” nako, Waafrika kadhaa walioonekana kwenye picha hawakutajwa katika orodha ya waigizaji. Hao hawakuombwa saini na mtu yeyote. Kumbukumbu zao zimo katika familia za wazee wanaozidi kupungua kila mwaka, na kuzirekodi hakuhitaji kiingilio wala foleni. Wazee hao wakishaondoka, atakayefika ukingoni atalikuta jiwe peke yake.