Saa ya kamani ikisimama: kichwa chake kinaonyesha ugonjwa kabla hujamlipa fundi

Simu zimeingia katika kila mfuko, lakini katika nyumba nyingi za Lubumbashi, Kalemie, Bukavu ama Kisangani saa ya baba au ya babu ingali ndani ya sanduku: saa isiyotumia betri, ambayo inajazwa kwa kuzungusha kile kichwa kidogo cha pembeni. Siku ikisimama, inapelekwa kwa fundi mwenye meza yake kando ya barabara, na mara nyingi jibu ni lilelile: "Mliijaza kupita kiasi, kamani imekatika." Mwenye saa analipia kamani mpya. Akiambiwa kwamba kamani ya namna hiyo haipatikani tena, anaiachia saa kwa bei ya chuma chakavu.

Jibu hilo, mara nyingi, si la kweli. Saa yenye afya haijai kupita kiasi. Kamani ikikunjwa yote, kichwa kinakuwa kigumu na kukataa, basi. Mtu akilazimisha kwa nguvu za mkono anaweza kuvunja kitu, hilo ni kweli. Lakini saa ambayo kichwa chake kimekaza na mishale haitembei ina nguvu zote ndani yake. Kinachokosekana ni njia ya nguvu hizo kupita. Mafuta yamekauka na kuwa kama gundi, au vumbi limeingia kati ya meno ya magurudumu, au saa ilianguka na mhimili mwembamba wa balansi (lile gurudumu linalochezacheza kwenda na kurudi) ukavunjika. Kubadilisha kamani hapo ni kumpa mgonjwa dawa ya ugonjwa wa jirani yake.

Ili kuelewa alama nyingine, lazima tujue kwa ufupi kinachotokea ndani. Kichwa kinazungusha kijiti cha chuma, nacho kinazungusha magurudumu mawili au matatu ambayo mwishowe yanakunja kamani. Kamani yenyewe ni utepe wa chuma wenye unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, uliokunjwa ndani ya kikopo chenye meno ambacho waliosomea ufundi kwa Kifaransa wanakiita barileti. Ncha yake ya ndani inashikwa na mhimili wa katikati, ncha ya nje inashika ukuta wa kikopo. Juu kuna kijino kidogo, kliketi, kinachoruhusu gurudumu la kukunja lizunguke upande mmoja tu. Ule mlio wa tik-tik-tik unapojaza saa ni kliketi ikiruka kutoka jino moja hadi jingine.

Sasa shika saa ya kujaza kwa mkono, zungusha kichwa polepole, sikiliza na usikie kwa vidole.

Kichwa kikizunguka mara 50, mara 60, na kisikaze hata kidogo, hapo ndipo kamani inashukiwa kwa haki. Nyingi za saa hizi zinajaa kwa mizunguko kati ya 20 na 40. Kama hakuna uzito wowote tangu mwanzo, huenda imekatika karibu na katikati au imeachana na mhimili wake. Kama inaanza kukaza halafu unasikia kitu kimeteleza na uzito umepotea, tafuta kwenye ncha ya nje. Kamani za zamani za chuma cha rangi ya buluu zilikuwa zinakatika sana. Za leo zinatengenezwa kwa mchanganyiko wa madini usioshika kutu, na zinakatika mara chache zaidi.

Kichwa kikikaza vizuri lakini ukikiachilia kinarudi nyuma kwa kasi katika vidole vyako, kamani ni nzima. Kliketi ndiyo imevunjika, au kijispringi chake kimetoka mahali pake. Ni kipande kidogo kuliko punje ya mchele, na fundi mwenye saa mbovu za aina hiyohiyo anaweza kukitoa katika mojawapo. Usiendelee kujaribu: kila mara nguvu zikitoka kwa ghafula, meno ya magurudumu yanaumia.

Kichwa kinachokwaruza, kinachoruka meno kama mnyororo wa baiskeli uliolegea, kinasema habari ya kutu au ya meno yaliyolika hapo kijiti kinapoingia. Kwetu Kivu, mvua na jasho vinapita kwanza pale, kwa sababu kipete cha mpira kilicho ndani ya kichwa kinakauka na kupasuka kabla ya kitu kingine. Na kichwa kikitoka chote mkononi, usiogope. Mara nyingi ni skrubu moja iliyolegea. Kihifadhi, na usikisukume tena ndani kwa nguvu.

Saa zinazojijaza zenyewe ni habari nyingine, na ndizo zinazoleta ugomvi mwingi, hasa Seiko 5. Ndani yake kuna kipande kizito cha nusu duara kinachozunguka mkono unapotembea, na tangu 1959 Seiko inatumia wenzo wenye mikono miwili unaovuta na kusukuma gurudumu moja, hivi kwamba kipande hicho kinajaza saa kikizunguka upande wowote. Mashine yake ya 7S26, iliyotoka 1996 na kuenea karibu dunia nzima, haina kabisa njia ya kujazwa kwa kichwa. Unazungusha, hakuna kinachotokea, na mnunuzi sokoni anaambiwa kwamba kamani imekufa. Haijafa: imeundwa hivyo. Itikise kulia na kushoto kwa nusu dakika, mshale wa sekunde utaanza kutembea. Na hata zile zinazojijaza zenye uwezo wa kujazwa kwa kichwa pia hazikazi mpaka mwisho, kwa sababu kamani yao imewekwa makusudi iteleze kwenye ukuta wa kikopo ikijaa.

Kama ya kwako inasimama usiku, ivae siku nzima, ivue jioni na andika saa uliyoivua. 7S26 iliyojaa inatembea karibu saa 40. Ikisimama alfajiri, itikise kwa dakika kadhaa bila kuivaa, kisha ilaze mezani. Ikidumu muda mrefu kuliko usiku ule, kamani ni nzima. Tatizo ni ule wenzo mchafu, au kipande kizito kinachogusa mfuniko (utasikia mkwaruzo), au ni mwenyewe. Mzee anayekaa kitini mchana kutwa haijazi saa ya namna hii, na hakuna fundi atakayetibu hilo.

Kwa fundi, angalia mambo mawili. La kwanza, kabla hajafungua chochote lazima atoe nguvu zilizomo: anashika kichwa, anasogeza kliketi pembeni, anakiacha kichwa kirudi polepole kati ya vidole. Asiyefanya hivyo hatakurudishia saa ileile. La pili, mwombe kamani ya zamani mkononi. Iliyokatika inaonekana kwa macho. Mpya nayo lazima ilingane na ya zamani kwa upana, unene na urefu. Iliyo nene zaidi, "yenye nguvu", inafanya balansi izunguke kupita mpaka wake na saa kukimbia mbele kwa dakika nyingi kila siku.

Tahadhari moja inatuhusu Wakongo kuliko wengine. Saa nyingi za kabla ya miaka ya 1960 zilipakwa radiamu kwenye tarakimu na mishale ili zing'ae gizani, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya radiamu ya dunia ilitoka katika mawe ya Shinkolobwe, Katanga, yaliyosafishwa Olen huko Ubelgiji kuanzia 1922. Rangi hiyo leo haing'ai tena, lakini radiamu inapungua kwa nusu tu baada ya miaka 1600. Saa ya babu yenye tarakimu za rangi ya kahawia iliyopasukapasuka isifunguliwe na watoto nyumbani, na fundi asikwaruze uso wake wala kupuliza vumbi lake kwa mdomo. Ugonjwa wa kujaza unatibiwa kwa kufungua mfuniko wa nyuma. Kwa sehemu kubwa ya kazi hiyo, uso wa saa hauguswi kabisa.