Je, Wajua? Bilioni Zilikuwa Mbili

Hadi mwaka 1974, bilioni ya London kwa kawaida haikuwa bilioni ya Washington. Kwa desturi ya Waingereza ilikuwa milioni mara milioni, yaani 1 yenye sufuri 12. Wamarekani waliihesabu kuwa milioni mara elfu, sufuri 9 tu. Watu wawili wangeweza kusoma sentensi ileile ya Kiingereza, isiyo na kosa hata moja la sarufi, na hesabu zao zikapishana mara 1,000!

Desemba 1974, Waziri Mkuu Harold Wilson alilijulisha Bunge la Uingereza kwamba mawaziri wake wangelitumia neno hilo kwa maana ya Kimarekani. Wafaransa na Wajerumani hawakufuata. Bilioni yao ina sufuri 12 mpaka leo, na ile ya sufuri 9 wana jina lake jingine. Ndiyo maana bilioni ya Dar es Salaam, ukifika Bukavu au Lubumbashi, kwenye Kongo inayotumia Kifaransa, utasikia ikiitwa miliari.

Wanasayansi huikwepa kesi yote kwa kuandika 10 kwa kipeo cha 9.

Galoni, kwa upande wake, haijapata suluhu. Ya Uingereza ina lita 4.55 hivi, ya Marekani lita 3.79. Basi gari linalosifiwa Uingereza kuwa linakwenda maili 40 kwa galoni, kwa hesabu ya Marekani linakwenda maili 33 tu, na injini hakuna aliyeigusa.