Mapitio ya Rekebisho la Skripti ya Kufungasha Matoleo ya Programu: Mfano wa OpenMalaria na Bonde la Kilombero

OpenMalaria ni programu huria ya kuigiza uenezi wa malaria, iliyoandikwa kwa lugha ya C++. Uhusiano wake na Bonde la Kilombero ni wa karibu, kwani taarifa za mbu kutoka kijiji cha Namawala, jirani na Ifakara, zilitumika kukadiria vigezo vya sehemu ya modeli inayohusu mbu. Mtafiti wa Ifakara anayetaka kupima athari ya vyandarua vyenye dawa halazimiki kutafsiri msimbo mwenyewe. Hupakua kifurushi chenye programu tendaji, skima ya faili za XML na majedwali yanayohitajika, na hukiamini.

Kifurushi cha namna hiyo hutengenezwa na skripti. Ichukuliwe kuwa utafsiri wa msimbo umeshindikana, lakini skripti ya Bash ikaendelea. Katika saraka imebaki programu tendaji ya toleo lililopita. Skripti huifungasha hiyo na kuibandika nambari mpya. Faili iliyosahauliwa hujitangaza yenyewe, kwa kuwa programu hukataa kufanya kazi. Kasoro hii haijitangazi. Matokeo hutoka, grafu huchorwa, na marekebisho ambayo mtafiti anaamini yamo, hayamo.

Rekebisho linalozoeleka ni kuongeza amri “set -e”, inayoisimamisha skripti pindi amri inaposhindwa. Ni mstari mmoja tu, na mpitiaji mwenye haraka atauidhinisha. Hata hivyo, iwapo ujumbe wa utafsiri hupitishwa kwenye bomba kwenda kwa amri “tee” ili uhifadhiwe katika faili ya kumbukumbu, Bash huangalia hali ya amri ya mwisho pekee. “tee” imefaulu, hivyo bomba zima huhesabiwa kuwa limefaulu. Rekebisho lipo na kasoro ipo. Panahitajika pia “set -o pipefail”, na saraka ya ujenzi ifutwe kabla ya kazi kuanza.

Kwa sababu hiyo, kusoma mabadiliko hakutoshi. Mpitiaji anapaswa kuuharibu msimbo kwa makusudi, hata kwa kuondoa nukta mkato moja, kisha aendeshe skripti na kuthibitisha kwamba hakuna kifurushi kilichotoka. Baada ya kuurudisha msimbo, afungue kifurushi kipya katika kompyuta isiyo na zana za ujenzi, aangalie nambari ya toleo inayotolewa na programu yenyewe, na alinganishe matokeo ya senario ya majaribio kwa mbegu ileile ya nambari nasibu. Jaribio kwenye kompyuta ya aliyeandika rekebisho lina thamani ndogo, maana mabaki ya zamani huficha upungufu.

Kuhusu kifurushi kibovu kilichokwisha kusambazwa, kisibadilishwe kimyakimya kwa kingine chenye nambari ileile. Kitangazwe kuwa kibovu, na mbadala wake upewe nambari mpya, ili watafiti wawili wanaotaja nambari moja katika makala zao wawe wametumia programu moja.