Picha ya Ukwato wa Punda

Punda wako akianza kuchechemea, kazi za nyumbani husimama. Maji hayaji, kuni haziji, na gunia la mahindi halifiki mashineni. Mzigo wa punda humrudia mtu.

Mjini Dar es Salaam kuna jina linalokumbusha jambo hilo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1914 hadi 1918, farasi, nyumbu na punda wa majeshi walikufa kwa wingi katika nchi yetu, hasa kwa ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Ikabidi wanadamu wabebe mizigo ya vita. Kikosi cha wapagazi wa Waingereza kiliitwa Carrier Corps. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, wapagazi hao waliwekwa kambini mahali ambapo leo pana soko kubwa. Watu wakapaita Kariakoo. Hata leo mizigo mingi hapo huenda kwa mikokoteni inayosukumwa na watu.

Huenda mwanao ni mmoja wao. Huenda simu ya picha uliyo nayo aliinunua yeye katika maduka ya Mtaa wa Aggrey au Msimbazi. Simu hiyo yaweza kumsaidia punda. Kama bwana mifugo yu mbali, mpelekee picha za kwato. Kama humfahamu, mpelekee mwanao, naye amwonyeshe mganga wa mifugo huko mjini. Lakini mganga hawezi kusema neno la maana kama picha ni mbaya. Wengi hupiga wakiwa wamesimama. Picha ya namna hiyo huonyesha majani na vumbi, basi.

Msimamishe punda mahali pagumu palipo sawa, pasipo na majani. Mwenzako ashike kamba. Sugua matope kwa brashi na maji kidogo, ngoja ukwato ukauke. Jua liwe mgongoni mwako, lakini kivuli chako kisiangukie ukwato. Chuchumaa, usipige magoti wala usikae chini, ili uweze kuondoka upesi punda akishtuka. Sasa geuza simu kichwa chini. Jicho la kamera liko sehemu ya juu ya simu. Ukiigeuza litakuwa karibu na ardhi, sawa na ukwato. Piga kwa mbele, ubavuni na kwa nyuma. Kwato za miguu ya nyuma zipige kwa mbali, maana punda hatoi taarifa kabla ya kupiga teke.

Kisha inua mguu upige unyayo. Toa uchafu kwa kijiti butu, ukianzia kisiginoni kwenda mbele. Katikati kuna sehemu laini yenye umbo la herufi V, usiichokonoe. Piga miguu yote minne, hata kama mmoja tu ndio unaouma, kwa sababu mganga hulinganisha. Mwisho piga punda mzima, akiwa amesimama.

Mweleze mganga kwamba huyu ni punda. Ukwato wa punda umesimama zaidi na ni mwembamba kuliko wa farasi, kama wale farasi wa Jeshi la Polisi. Ukikatwa ufanane na wa farasi, punda ataumia.

Picha haina joto wala harufu. Ukwato ukiwa na joto kuliko mingine, huenda kuna uvimbe ndani. Ukinuka, huenda umeoza, hasa wakati wa masika. Kamera haiyaoni mambo hayo, kwa hiyo chukua kalamu. Kwanza andika jina la kila mguu kwenye kipande cha karatasi, ukiweke kando ya ukwato unapopiga. Picha za kwato zikifika mjini hufanana kama mayai. Kisha andika maelezo mafupi kama haya:

"Punda jike, miaka 8. Mguu wa mbele wa kushoto. Alianza kuchechemea Jumapili. Ukwato una joto, haunuki. Hulala zaidi kuliko kawaida. Kwato zilikatwa mwezi wa tatu. Hatujampa dawa."

Ukiwa unangoja jibu, usimpakie mzigo. Akishindwa kabisa kukanyaga, au ukiona usaha, usingoje picha. Mtafute bwana mifugo aje mwenyewe siku hiyo hiyo.